Jinsi miale ya protoni inavyooanishwa ili igongane badala ya kupishana

CHINI ya mashamba na vijiji vilivyo mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, karibu na jiji la Geneva, kuna handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Ndani yake mna mabomba mawili membamba yaliyoondolewa hewa. Katika bomba moja, chembe ndogo mno ziitwazo protoni huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa akrabu za saa. Katika bomba la pili, protoni nyingine huzunguka kinyume. Kila protoni hukamilisha mizunguko 11,245 katika sekunde moja.

Mtambo huo ni Large Hadron Collider, au LHC kwa kifupi. Unamilikiwa na CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia, ambako pia ndiko Tim Berners-Lee alikobuni mtandao wa wavuti mnamo 1989. Wengi wamesikia habari za chembe ya Higgs, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa na CERN Julai 4, 2012. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kazi inayotangulia uvumbuzi wa namna hiyo, nayo ni kuhakikisha kwamba chembe zinazotoka pande mbili, kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, zinafika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Wahenga walisema kuwa milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Protoni nazo hazikutani kwa bahati. Nguvu za sumaku huziweka njiani na nishati huzipa kishindo, lakini ni mpangilio wa wakati unaozikutanisha. Mpangilio huo ukikosekana, miale hiyo miwili itapishana kama magari mawili katika barabara pana, na mabilioni ya pesa yaliyotumiwa kuujenga mtambo yatakuwa hayana faida.

Mafungu, wala si mkondo

Mwale wa protoni haufanani na maji yanayotiririka katika mfereji. Umegawanywa katika mafungu yaliyoachana kwa umbali uliopimwa. Kila fungu lina takriban protoni bilioni 100 au zaidi, na urefu wake ni kama sentimita 30. Linapofika mahali pa kugongania, hubanwa na sumaku hadi likawa jembamba kuliko unywele wa binadamu.

Kutoka fungu moja hadi jingine ni mita 7.5, umbali ambao protoni huupita kwa nanosekunde 25. Nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa katika sehemu bilioni moja. Katika muda huo, nuru husafiri sentimita 30 pekee, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi.

Hesabu ndogo itamwonyesha msomaji uzito wa jambo hili. Kwa kuwa miale hiyo miwili hukaribiana kutoka pande tofauti, mmoja ukichelewa kwa nanosekunde moja, mahali pa kukutania husogea kwa sentimita 15. Ukichelewa kwa nanosekunde mbili na nusu, mahali hapo husogea kwa zaidi ya sentimita 37. Vitambuzi vinavyonasa matokeo ya migongano vimepangwa kuzunguka kitovu kimoja. Mgongano ukitokea kando ya kitovu hicho, baadhi ya chembe zinazoruka hazitapita katika sehemu zilizowekwa kuzinasa.

Si mitambo yote ya aina hii iliyokuwa na shida hiyo. AdA, pete ndogo iliyoanza kazi Frascati nchini Italia mwaka wa 1961 kwa uongozi wa Bruno Touschek, ilizungusha elektroni na pozitroni. Chembe hizo zina uzito sawa lakini chaji zilizo kinyume, kwa hivyo sumaku zilezile na wimbi lilelile viliweza kuziongoza pande mbili katika bomba moja. Maumbile yenyewe yalizioanisha.

Mtambo wa ISR wa CERN, uliogonganisha protoni kwa protoni kwa mara ya kwanza mnamo Januari 1971, ulikwepa tatizo kwa njia nyingine. Miale yake iliachwa itawanyike ikawa mikondo isiyokatika. Pale mikondo hiyo ilipokingamana, kila wakati palikuwa na protoni upande huu na upande wa pili.

LHC haina nafuu hizo mbili. Protoni zote zina chaji ya aina moja, kwa hivyo lazima kila mwale uwe na bomba lake na uelekeo wake wa sumaku. Aidha, wanasayansi walitaka migongano mingi mno, na njia ya kuipata ni kuzikusanya protoni katika mafungu yaliyoshikana. Ndipo ikawa lazima mafungu hayo yapangiwe saa za kukutana.

Wimbi la redio ndilo mchungaji

Anayelinda mpangilio huo ni wimbi la redio. Katika mojawapo ya vituo vinane vya pete, kinachojulikana kama Kituo cha 4, kila mwale hupitia vyumba vinane vya chuma vilivyojazwa mawimbi ya redio. Vyumba hivyo vimetengenezwa kwa shaba iliyopakwa madini ya niobiamu, na hupozwa kwa heliamu hadi kiasi cha nyuzi 268 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Katika baridi hiyo, niobiamu hupitisha umeme karibu bila ukinzani wowote. Vyumba vinane kwa pamoja vinaweza kuupa mwale msukumo wa volti milioni 16 katika kila mzunguko.

Wimbi hilo hupanda na kushuka zaidi ya mara milioni 400 kwa sekunde. Idadi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Katika muda ambao protoni huzunguka pete mara moja, wimbi hupanda na kushuka mara 35,640 kamili, bila salio. Laiti kungekuwa na salio, protoni ingerudi kila mara na kulikuta wimbi katika hali tofauti, leo likisukuma na kesho likivuta.

Kila mpando wa wimbi huunda nafasi moja inayoweza kushika protoni. Wahandisi huiita nafasi hiyo "ndoo". Kati ya kila ndoo kumi, moja tu ndiyo hutengewa fungu, na hivyo kuna mahali pa mafungu 3,564. Hata hivyo, mpango wa awali wa LHC ulikuwa kujaza mafungu 2,808 pekee katika kila mwale. Pengo linalobaki lina kazi muhimu, kama tutakavyoona.

Funzo kutoka uwanja wa riadha

Msomaji anaweza kuuliza: protoni bilioni 100 zitakaaje pamoja katika fungu moja kwa saa nyingi, ilhali hakuna mbili zilizo na nishati sawasawa? Jibu lilipatikana kabla ya mitambo hii kujengwa. Vladimir Veksler wa Muungano wa Kisovieti aliligundua mwaka wa 1944, naye Edwin McMillan wa Marekani akalifikia kivyake mwaka wa 1945.

Tutazame mbio katika uwanja kama ule wa Kasarani. Mkimbiaji aliye katika njia ya nje hukimbia umbali mkubwa kuliko mwenzake wa ndani. Wote wakiwa na kasi moja, wa nje atachelewa kukamilisha mzunguko. Ndiyo sababu katika mbio fupi wakimbiaji huanzia mahali tofauti.

Protoni za LHC zina kasi inayokaribiana mno, kwa kuwa zote zimeikaribia kasi ya nuru. Iliyo na nishati ya ziada haipindishwi na sumaku kwa wepesi, kwa hivyo hufuata njia ya nje kidogo na kufika kwenye vyumba vya mawimbi ikiwa imechelewa. Kwa wakati huo wimbi limeshageuka, nalo huipunguzia nishati. Protoni iliyopungukiwa hufuata njia ya ndani, hufika mapema na kulikuta wimbi likiwa tayari kuisukuma.

Kwa njia hiyo, aliyezidi hupunguziwa na aliyepungukiwa huongezewa. Protoni huyumba mbele na nyuma ndani ya ndoo yake makumi ya mara kwa sekunde, lakini haitoki. Kanuni hii huitwa uthabiti wa awamu, na bila hiyo hapangekuwa na pete ya kuhifadhi chembe popote duniani.

Kanuni hiyohiyo ndiyo hupandisha nishati. Nguvu ya sumaku huongezwa taratibu kwa takriban dakika 20, nalo wimbi huzifuata. Protoni huingia LHC zikiwa na nishati ya elektronivolti bilioni 450 na kupandishwa hadi zaidi ya mara kumi na nne ya hapo. Tangu mwaka wa 2022, nishati ya kila protoni imekuwa elektronivolti trilioni 6.8. Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika kupanda huko kote, masafa ya wimbi hubadilika kwa chini ya mitetemo 1,000 kati ya milioni 400, kwa sababu protoni zilikuwa tayari zimeipata zaidi ya asilimia 99.999 ya kasi ya nuru.

Kupokezana kijiti

Protoni haziingii LHC moja kwa moja. Huanza katika mtambo ulionyooka uitwao Linac4, kisha hupitia pete tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Ya mwisho ni SPS, yenye mzingo wa karibu kilomita 7. Kila hatua ni kama mbio za kupokezana kijiti, ambapo mpokeaji na mtoaji sharti wawe na mwendo mmoja.

Pete hizo zilipimwa kwa kuzingatia upokezanaji huo. Mzingo wa SPS ni mara 11 ya ule wa pete ya PS inayoitangulia. Kati ya SPS na LHC uwiano ni 7 kwa 27, yaani LHC ikizungukwa mara 7, SPS huwa imezungukwa mara 27 na alama za pete hizo mbili hurudi kulingana.

Wakati wa kupeleka protoni ukikaribia, SPS ndiyo hujirekebisha. Masafa yake husogezwa kidogo hadi mafungu yake yaelekeane na ndoo zilizo wazi katika LHC. LHC yenyewe haiguswi, kwani huenda tayari imeshika protoni zilizoingia dakika chache awali. Kisha sumaku ya kurushia hufunguka kwa muda mfupi mno na kuyapitisha mafungu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako: fungu likikosea ndoo, protoni zake hutawanyika.

Usiku wa Septemba 2008

Mnamo Septemba 10, 2008, ulimwengu ulitazama kwenye televisheni mwale wa kwanza ukizunguka LHC. Kilichofuata hakikutangazwa sana, ingawa kwa wahandisi kilikuwa muhimu vilevile. Mwale ule ulikuwa ukizunguka bila mchungaji. Pasipo wimbi la redio, fungu lake lilitawanyika na kutoweka katika mizunguko 250 hivi, muda usiozidi sehemu chache za mia za sekunde moja.

Siku iliyofuata, Septemba 11, wimbi liliwashwa ili kulinasa fungu. Jaribio la kwanza lilitokea kuwa kinyume kabisa: protoni zilifika mahali ambapo wimbi lilizitenganisha badala ya kuzikusanya, na katika mchoro wa kipimo fungu likaonekana likipasuka. Wahandisi walirekebisha wakati wa wimbi, wakajaribu tena. Baada ya marekebisho mengine, mstari wa fungu ulinyooka katika mchoro, mzunguko baada ya mzunguko. Mwale ulikuwa umenaswa.

Furaha hiyo haikudumu. Septemba 19 mwaka huohuo, kiungo cha umeme kati ya sumaku mbili kilikatika, heliamu ikafumuka na sumaku nyingi zikaharibika. Ukarabati ulichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Miale ilirejea Novemba 20, 2009. Siku tatu baadaye, Novemba 23, miale yote miwili ilizunguka kwa pamoja kwa mara ya kwanza, na wahandisi wakapata fursa ya kuupima uoanishaji wake. Ilikutanishwa kwanza katika vituo vya ATLAS na CMS, kisha katika vya ALICE na LHCb. Vyote vinne viliona dalili za migongano. Machi 30, 2010, miale yenye elektronivolti trilioni 3.5 kila mmoja iligonganishwa, na utafiti ukaanza rasmi.

Mahali pa kukutania

Mafungu yanayoachana kwa mita 7.5 na kwenda pande tofauti huweza kukutana kila baada ya mita 3.75. Lakini mabomba hayo mawili huungana katika vituo vinne tu, ambako vitambuzi vimewekwa. Kwingineko kila mwale uko katika bomba lake, na kupishana kwake hakuna madhara wala manufaa.

ATLAS na CMS ziko pande mbili zinazotazamana za duara. Kwa hivyo jozi ya mafungu inayokutana ATLAS huzunguka nusu ya pete na kukutana tena CMS. LHCb ina hali ya kipekee. Ilirithi pango la kitambuzi cha zamani kiitwacho DELPHI, na ili ienee humo, mahali pake pa kugongania palisogezwa mita 11.25 kutoka katikati. Umbali huo ni mara tatu kamili ya mita 3.75. Ungekuwa mita 10 au 12, hakuna mafungu mawili ambayo yangekutana hapo.

Wahandisi wanajuaje kwamba miadi imetimia? Katika ATLAS na CMS kuna vipimo vilivyowekwa mita 175 kila upande wa kitovu. Mafungu yanapovipita, huacha ishara ya umeme, na tofauti ya muda kati ya ishara hizo huonyesha ni mwale upi umetangulia. Ushahidi wa pili hutolewa na migongano yenyewe. Wanasayansi huchora mahali ilipotokea, na wakiona wastani wake umeegemea upande mmoja, wimbi la mwale mmoja husogezwa kwa sehemu ya nanosekunde.

Vitambuzi navyo vinahitaji saa hiyohiyo. Mafungu hukingamana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na chembe za mgongano mmoja huwa hazijafika ukingoni mwa kitambuzi kabla mgongano unaofuata kutokea. Bila saa inayofuata mwale, data ya migongano tofauti ingechanganyika. Kwa sababu hiyo, ishara ya wakati hutoka kwenye mitambo ya wimbi na kusafirishwa kwa nyuzi za kioo hadi kwenye vitambuzi.

Mahitaji kama haya yalizaa teknolojia iitwayo White Rabbit, iliyoanzishwa CERN na washirika wake. Hiyo hulinganisha saa zilizo mbali kwa tofauti isiyofika nanosekunde moja. Misingi yake iliingizwa mwaka wa 2019 katika viwango vya kimataifa vya kulinganisha saa kwenye mitandao ya mawasiliano.

Wakimbiaji wasiolingana

Mtihani mgumu zaidi ulikuja pale wanasayansi walipotaka kugonganisha protoni na viini vya madini ya risasi. Sumaku za LHC zimejengwa kwa namna kwamba mabomba yote mawili yanapita ndani ya chuma kimoja, kwa hivyo nguvu ya kupinda ni ileile kwa miale yote miwili. Chini ya sharti hilo, kiini cha risasi, kilicho kizito kuliko chaji yake inavyoweza kubeba kwa wepesi, huenda polepole kidogo kuliko protoni.

Tofauti yenyewe ni ndogo sana, lakini katika pete hujilimbikiza. Wakati wa kuingia, kiini cha risasi huachwa nyuma na protoni kwa takriban sentimita 31 katika kila mzunguko. Hivyo mahali pa kukutania huhama kwa zaidi ya sentimita 15 kila mzunguko. Ukizidisha kwa mizunguko 11,245, utaona kuwa mahali hapo hukimbia zaidi ya kilomita moja na nusu kwa kila sekunde.

Kulikuwa na sababu ya kuhofu. Mtambo wa RHIC wa Brookhaven, Marekani, ulikumbana na hali hiyo mwaka wa 2003 ulipogonganisha viini vya dutiriamu na dhahabu. Kukutana kwa mafungu mahali panapohamahama kulipoteza chembe nyingi, na wahandisi wakalazimika kuzipa chembe zote mwendo mmoja. RHIC iliweza kufanya hivyo kwa sababu pete zake mbili zina sumaku mbalimbali. LHC haingeweza.

Baada ya majaribio ya mwaka wa 2011, CERN iliamua kuivumilia tofauti hiyo hadi nishati ipande. Kadiri nishati inavyoongezeka, aina zote mbili za chembe huikaribia kasi ya nuru na pengo kati yake hupungua. Kwa nishati iliyotumiwa mwaka wa 2013, tofauti ya masafa ilikuwa imeshuka kutoka mitetemo 4,700 hivi hadi 60 hivi kwa sekunde.

Hapo ndipo mawimbi ya pete zote mbili yalifungwa pamoja kwa masafa mamoja. Protoni, zilizo na kasi zaidi, zilisogea kwenye njia ya nje kidogo, navyo viini vya risasi vikasogea ndani, kila kimoja kwa chini ya milimita moja. Aliyekuwa na mbio alipewa njia ndefu, aliyekuwa mzito akapewa fupi, wakawa wanamaliza mzunguko pamoja.

Lakini kulingana kwa mwendo si kukutana. Mawimbi yalipofungwa, mahali pa kukutania palikuwa popote tu katika pete. Ilibidi mwale mmoja usogezwe mbele ya mwingine hatua kwa hatua, mithili ya fundi anayepeleka mnyororo wa baiskeli jino baada ya jino, kwa dakika kadhaa, hadi mafungu yakutane ndani ya vitambuzi.

Matunda yalionekana upesi. Jaribio la Septemba 2012 lilidumu saa chache tu, lakini data yake ilitosha kuonyesha chembe zikitoka kwa mpangilio uliofanana na ule wa migongano ya risasi kwa risasi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Awamu kamili ilifuata Januari na Februari 2013. Mnamo Julai 2025, LHC ilizungusha pia viini vya oksijeni, na kuvigonganisha na protoni na pia vyenyewe kwa vyenyewe.

Pengo la usalama

Kuoanisha miale si suala la matokeo pekee bali pia la usalama wa mtambo. Mwale mmoja wa LHC, kwa mujibu wa mpango wa awali, hubeba nishati ya megajuli 362. Hiyo inatosha kuyeyusha zaidi ya kilo 500 za shaba. Mwale wa namna hiyo ukiacha njia yake, unaweza kutoboa chochote kilicho mbele.

Hatari ikitokea, mwale hutupwa nje ya pete kuelekea bonge la kaboni lililo mamia ya mita kutoka hapo. Sumaku za kutupia huchukua muda hadi zifikie nguvu kamili. Protoni zinazopita katika muda huo hazingepindishwa vya kutosha. Zingegonga vifaa vya mtambo. Ndiyo maana mikrosekunde tatu za mwale, sawa na mita 900 za pete, huachwa tupu kabisa. Sumaku hizo huamriwa zianze kazi wakati pengo hilo linapozipita, wala si kabla wala baada.

Protoni chache hutoroka ndoo zake na kuteleza hadi ndani ya pengo. Vipimo maalumu huzichunguza, na zikizidi, husukumwa kidogo kidogo kando ya njia hadi zinaswe na vizuizi. Wimbi likizimika ghafla huku mwale ukiwa ndani, protoni zingelijaza pengo hilo; kwa hivyo hitilafu ya wimbi yenyewe huwa sababu ya kuutupa mwale mara moja.

Mwezi nao hudai haki yake

Wavuvi wa Lamu na Mombasa wanajua vyema jinsi mwezi unavyoyaongoza maji kujaa na kupwa, na jinsi bamvua linavyokuja mwezi ukiwa mpevu au mwandamo. Nguvu hiyohiyo huinua ardhi kavu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa LEP, mtambo uliotangulia LHC katika handaki lilelile, walibaini kwamba mzingo wa kilomita 27 hurefuka na kufupika kwa takriban milimita moja kwa kufuata mwezi.

Milimita moja katika kilomita 27 ni kitu kidogo, lakini wimbi la redio huihesabu. Masafa yasiporekebishwa, pete iliyorefuka hulazimisha chembe kufuata njia isiyo ya katikati, na nishati yake hubadilika. Ndiyo sababu kupwa na kujaa kwa ardhi ya Geneva huzingatiwa katika kuendesha mtambo na katika kupima nishati.

Kazi iliyo mbele

CERN inajiandaa kuongeza migongano maradufu katika mpango unaotarajiwa kuanza kazi mwaka wa 2030. Kwa sasa mafungu hukutana kwa pembe ndogo, kama mikasi, na sehemu ya kila fungu hupita bila kugusana na mwenzake. Katika mpango mpya, vyumba maalumu vya mawimbi vitaligeuza kila fungu kidogo kabla ya kukutana, likatembea upandeupande kama kaa, ili mafungu yaingiliane kwa urefu wake wote. Vyumba hivyo, ambavyo wahandisi wamevipa jina la mnyama huyo wa pwani, vilijaribiwa kwa mwale wa protoni katika SPS mwaka wa 2018.

Wimbi la vyumba hivyo nalo litalazimika kwenda sambamba na lile linaloyachunga mafungu. Likitangulia au likichelewa, halitaligeuza fungu bali litalisukuma lote kando, nayo miale itapishana. Miadi iliyokuwa ya fungu na fungu sasa itakuwa ya kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia.